Mama Alilala Barazani

Wazo la kwenda Malindi lilikuwa la mume wangu. Ana duka la hardware huko Kabiro, Kawangware, kwenye ploti ya mamake, na mteja wake mmoja alikuwa amerudi kutoka Pwani na picha tele kwenye simu. Katika picha hizo mteja, mkewe, watoto na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamesimama ndani ya bahari, maji yamewafika magotini, wote wamevaa fulana za rangi moja. Mume wangu alirudi jioni bado anazizungumzia.

"Desemba hii twende sote," aliniambia. "Mathe yako na mathe yangu. Tupige picha kama hiyo, tuiweke hapa ukutani."

Nilifurahi kabla ya kufikiri. Mama yangu alikuwa ameishi Gatwekera, kule Kibera, tangu alipotoka Kitui akiwa msichana, na safari zake zote zilikuwa Kitui na kurudi. Kazi yake ni chapati na maharagwe. Anapikia watu wa mjengo asubuhi kabla hawajaanza kutembea kwenda kutafuta kibarua, na anawapikia tena jioni wakirudi. Sikuwahi kumwona ameketi bila kitu mkononi. Nilimpiga picha akilini akiwa amekaa ufuoni na dafu, na picha hiyo ikanipendeza kiasi kwamba sikuangalia kitu kingine.

Nilipokwenda kumwambia, alikuwa anakanda unga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtalala wapi?" aliuliza.

"Tumekodi nyumba, mama. Kubwa. Vyumba vitatu vya kulala."

"Nyumba moja?"

"Moja, ndio. Wewe na watoto chumba chenu, mama mkwe chumba chake, sisi chetu."

Aliendelea kukanda. Kisha akasema, "Sawa. Kama mumeona ni sawa." Nami nikaondoka nikijiambia kwamba amekubali.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Kitui hahitaji kuelezwa. Kwetu, mama hawezi kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hali naye chakula meza moja, hampi mkono, na hamwoni akiwa amevua shati. Tunaita nthoni. Wakikuyu, watu wa mume wangu, wanaita thoni, na hata Kiswahili cha wazee kina soni. Ni neno moja lililopita katika vinywa mbalimbali, na ndani yake mna mambo mawili: aibu, na ile heshima inayomweka mtu mbali na mkwe wake. Ukali wa nthoni hupungua pale upande wa mume unapopeleka mbuzi wa ntheo nyumbani kwa wazazi wa msichana. Kabla ya mbuzi hao, kwetu ndoa haijawa ndoa, hata kama mna watoto na picha ya harusi ukutani.

Sisi hata picha ya harusi hatukuwa nayo. Nilikuwa nikisuka nywele katika saluni iliyopanga kwenye ploti ya mama mkwe, tukapendana na kijana wake, nikashika mimba, nikahamia kwake. Njoo tukae, kama tunavyosema Nairobi. Watu wake walikuja Gatwekera mara moja na sukari, unga, leso na blanketi, wakanywa chai wamebanana kitandani kwa mama, wakaahidi kwamba wakati ukifika watakwenda Kitui kwa ndugu za marehemu baba. Mtoto wa kwanza akazaliwa, shule ikaanza, wa pili akazaliwa, duka likapanuliwa. Mbuzi hawakwenda.

Miaka yote hiyo, mama alipokuja Kabiro kunitembelea hakuvuka mlango wa nyumba yangu. Alikaa saluni, akawashika wajukuu, akasema wateja wake wanamsubiri, akarudi Kibera kwa miguu. Mimi nilijua sababu. Nilijua pia kwamba msichana aliyehamia kwa mwanamume akiwa na tumbo hana uso wa kusimama mbele ya mume na kumwuliza habari za mbuzi. Kwa hiyo sikumwuliza, naye mume wangu, aliyezaliwa na kukulia Kawangware, alidhani mama mkwe wake ni mtu wa haraka tu.

Tulipanda treni ya Mombasa siku ya Jumamosi. Mama alikuwa na nguo yake ya kanisani, sweta, kitambaa cha kichwa na begi dogo. Alipoona kiti chake kinatazamana na cha mume wangu, alimwomba msichana mmoja wa mbele wabadilishane. "Hapa nyuma kuna kelele kidogo," alisema, ingawa hakukuwa na kelele yoyote. Watoto walimfuata huko huko. Mwanangu mkubwa alipiga picha kila mti uliopita dirishani.

Kutoka Mombasa tulimalizia kwa matatu, na ile nyumba ya Malindi ilikuwa nzuri kama kwenye tangazo. Sebule ilikuwa pana, jiko lilikuwa upande wa nyuma, bafu lilikuwa moja, na mbele kulikuwa na baraza yenye viti vya miti. Joto la Pwani lilitupokea kama blanketi lililotoka kuloweshwa. Mume wangu aliweka mabegi chini, akavua shati palepale sebuleni, akajipangusa nalo makwapa.

"Karibu kwako, mathe!" alimwambia mama, mikono ameitandaza.

Mama aligeukia ukuta. Aligeuka taratibu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa, akajifunika leso mpaka machoni, akatembea kando ya ukuta huo mpaka akaufikia mlango, akatoka. Niliona yote. Mama mkwe naye alikuwa amekaa kwenye kochi akivua viatu, nami niliona mkono wake umesimama juu ya kamba ya kiatu.

"Mama amechoka na safari," nilisema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi nilipofungua mlango wa mbele nilimkuta mama barazani, amelala juu ya mkeka aliopewa na mlinzi wa nyumba hiyo. Kitambaa kilikuwa kichwani na viatu viko miguuni. Alifungua macho akaniona.

"Ndani kuna joto," alisema.

"Watakuona watu, mama."

"Wanione. Mtu analala mahali pa upepo."

Nikawa mtu wa kueleza joto. Watoto walipouliza kwa nini Susu, nyanya yao, hayuko kitandani, nikasema joto. Mlinzi aliponiambia kwamba mama ameomba kuoga katika bafu lake la makuti lililo nyuma ya nyumba, nikasema joto, na yeye, Mgiriama aliyezaliwa katika joto hilo, akanitazama asielewe. Chakula nilimpelekea nje kwenye sahani. Alikula ameipa sebule mgongo. Watoto walidhani ni mchezo. Mdogo alimwendea na kumchungulia chini ya leso.

"Susu, mbona unajificha? Unamkimbia nani?"

"Nakimbia jua," mama alimjibu.

Mume wangu ndiye aliyeumia. Ni mtu mkarimu, anayependa kuona watu wote wameshiba na wanacheka. Siku ya pili alikwenda mjini peke yake, akarudi na feni kubwa ya kusimama, ameibeba begani kutoka stendi. Aliipeleka mwenyewe chumbani kwa mama, akaiunganisha, akaielekeza kwenye kitanda, akaenda kusimama mlangoni pa baraza.

"Mathe, nimekuletea upepo. Sasa ulale ndani kama mgeni wa heshima."

Mama alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo, uso chini. "Asante, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki sana." Sauti yake ilikuwa imejaa shukrani ya kweli. Kesho yake asubuhi nilimkuta tena barazani, na chumbani feni ilikuwa inazunguka, inapuliza kitanda kitupu.

"Mathe yako hanipendi," mume wangu aliniambia tukiwa jikoni.

"Anakupenda. Amezoea hivyo tu."

"Amezoea kulala nje? Gatwekera watu hulala nje?"

Alisema bila ubaya, lakini nilishikwa na hasira, na hasira ilinisaidia nisijibu. Ningeweza kumwambia pale pale. Sufuria ya chai ilikuwa inachemka, watoto walikuwa nje, hakukuwa na mtu wa kutusikia. Nikamwambia awaite watoto wanywe chai.

Siku hiyo tulikwenda kutazama magofu ya Gede. Tulikuwa tumeambiwa kwamba ukifika Malindi na familia hapo ndipo pa kwenda, na watoto walipenda tumbili waliokuwa wakirukaruka juu ya kuta. Kijana wa kututembeza alitueleza kuhusu mji uliohamwa na wenyewe, visima vyake, msikiti wake, vyoo vyake vya mawe. Alituonyesha nyumba moja na vyumba vyake: hapa walipokea wageni, kule ndani walikaa wanawake.

Mama, ambaye tangu asubuhi alitembea nyuma ya wote, alininong'oneza, "Muulize, hapa mkwe alikuwa analala wapi?"

Kijana alimsikia. Alicheka kwa furaha ya mtu aliyepata swali jipya. "Mkwe alilala kwake, mama! Ama?"

"Ndio hivyo," mama alisema. "Nilijua walikuwa watu wenye akili."

Mume wangu alicheka kuliko kijana. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilihitaji kufanya kitu na uso wangu. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi akijipepea na kofia, na alinitazama kwa muda, kisha akamtazama mama, kisha akanitazama tena. Mama mkwe ni mwanamke wa maneno machache. Ana ploti, ana wapangaji, amezoea kujua mlango gani una jambo nyuma yake. Nilijua pale kwamba anajua, na tangu hapo nilikwepa kubaki naye peke yangu.

Siku ya picha ikafika. Mume wangu alikuwa amenunua fulana za njano kwa ajili ya watu wote, na mama alivaa yake juu ya nguo ya kanisani, akafunga leso kiunoni. Tulikwenda ufuo wa watu wote, ule usio na hoteli. Ilikuwa wiki ya sikukuu na watu walikuwa wamejaa. Kulikuwa na ngamia wa kupanda, vijana wa kukodisha maboya ya tairi, wauzaji wa viazi karai na mabuyu, na wapiga picha waliokuwa wakizunguka na kamera shingoni. Watoto walikuwa majini kabla hatujatandika leso. Mama mkwe alivua viatu, akapandisha sketi, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akasimama hapo kama mtu anayepima udongo wa shamba analotaka kununua.

Mama alikaa mbali, chini ya mvinje, ameipa bahari mgongo. Mume wangu alikuwa majini na kaptula peke yake.

"Watu wa picha!" aliita. Mpiga picha alikuwa ameshapatikana. "Mathe yuko wapi? Mathe!"

Nilimwambia, "Mwache, tupige sisi."

"Picha ya familia bila Susu?" Alitoka majini akikimbia, maji yakimchuruzika kifuani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti. Nilimfuata, lakini mchangani mtu hakimbii. Nilimwona anainama mbele ya mama. Nilimwona anamshika mkono.

"Twende, mathe! Maji hayaumi!"

Mama alisema kitu ambacho sikukisikia. Alijaribu kuuchomoa mkono. Yeye, kwa mapenzi yake yote, aliona ni woga wa maji, woga wa mtu wa bara, akamshika na mkono wa pili, akamwinua, akaanza kumvuta mteremkoni akicheka. Watu walianza kuangalia. Watoto walipiga makofi majini: "Susu! Susu! Susu!" Wageni wasiotujua wakadakia, nao wakaimba Susu. Mama alitembea kwa sababu kupigana kungekuwa aibu kubwa zaidi. Uso aliugeuzia pembeni kabisa, shingo imejipinda, asimwone.

Wimbi halikuwa kubwa. Liliwakuta maji yakiwa magotini, likampiga mama ubavuni, naye alikuwa haangalii. Alianguka. Leso ilifunguka ikaenda na maji, nguo yake ya kanisani ikapanda mpaka kiunoni, na watu wakaona yote ambayo mwanamke wa umri wake amefunika tangu awe mwanamke. Mume wangu alipiga mbizi nyuma yake, akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, akamwinua juu ya maji akimbana kifuani mwake.

"Nimekushika! Nimekushika, mathe!"

Kicheko kilipita ufuoni kote. Mpiga picha alipiga picha. Nilifika nikaishusha nguo yake kwa mikono yangu, na mama, aliyekuwa ametema maji na macho ameyafumba kwa nguvu, alisema kwa Kikamba, kwa sauti ndogo sana, "Mwambie aniachilie."

"Muachilie," nilisema.

"Ataanguka."

"Muachilie!"

Sikuwahi kumpigia mume wangu kelele mbele ya watu. Aliachilia. Mama alitoka majini akiwa ameshika nguo kwa mikono yote miwili, akapita katikati ya watu, akashika njia ya kwenda nyumbani bila viatu. Mume wangu alibaki amesimama, mikono bado imekaa kama inayobeba mtu.

"Nimefanya nini?" aliuliza. "Si nimemwokoa?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alikuwa ametoka majini na sketi imelowa, na viatu vya mama alikuwa ameviokota.

"Vaa shati," alimwambia.

"Maitu, ni nini?" Alimwita mama kwa Kikuyu.

"Vaa shati kwanza. Kisha kaa hapa na watoto. Usije nyumbani mpaka nikuite." Alinigeukia. "Wewe, twende."

Nilitembea nyuma yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Tulimkuta mama barazani, amekaa sakafuni na nguo yake mbichi, begi lake limefungwa kando yake. Mlinzi alikuwa amempa kikombe cha maji na kusimama mbali. Mama mkwe hakukaa kwenye kiti. Alishuka sakafuni pamoja na magoti yake mabovu, akapanga viatu vya mama mbele yake, kimoja kando ya kingine.

"Muthoni," alisema. Ndivyo Wakikuyu wanavyomwita mkwe, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemsikia akimwita mama hivyo. Alikuwa akimwita mama ya msichana. "Muthoni, nisamehe. Niliona tangu siku ya kwanza, nikanyamaza."

"Hakuna kosa," mama alisema. "Ni mimi nimewaharibia safari."

"Hapana. Hata sisi tunayajua haya mambo. Mama yangu angekufa kabla ya kushikwa na mkwe namna hiyo. Lakini ningesema nini? Ningesema muthoni hawezi kulala ndani kwa sababu sisi hatujapeleka mbuzi? Mimi ndiye ningepaswa kuwapeleka. Mzee wangu alipofariki nilisema nitafanya mwaka ujao, na ujao. Nilikuwa naona aibu kukuambia, nikaona afadhali wewe ulale nje."

Mama alikuwa akitazama viatu. "Msichana naye alikwenda mwenyewe," alisema. "Nitadai vipi mtu aliyekwenda mwenyewe?"

Alisema bila kunitazama, na bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja umbali wa mahali. Nilikuwa nimesimama palepale, mchanga miguuni, fulana ya njano imenigandama mwilini. Hawakuniambia niende wala nibaki. Wazee wawili waliinamia aibu moja, kila mmoja akijaribu kuibeba peke yake, nami niliyekuwa nikiijua pande zote mbili sikuwa nimesema kitu kwa yeyote.

Mama mkwe aliinuka kwa kushika nguzo. "Begi usifungue," alisema. "Hata mimi nafunga langu."

Jioni hiyo hiyo walihamia katika nyumba ya wageni ya kanisa moja, karibu na soko. Mlinzi ndiye aliyetuelekeza. Walipewa chumba chenye vitanda viwili na neti. Nilipowaacha, mama alikuwa amekalia kitanda na kupapasa shuka, na mama mkwe alikuwa anamwambia msichana wa mapokezi kwamba bomba la bafuni linavuja na linahitaji mpira mpya wa ndani. Ndani ya nyumba hiyo mama alilala mpaka jua likapanda, jambo ambalo hajawahi kufanya maishani mwake. Mama mkwe alituambia kwa fahari, kama ni yeye aliyempa huo usingizi.

Kwa mume wangu mambo yalikuwa mengine. Nilimweleza yote tukiwa tumekaa kitandani, feni imezimwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa. Alisikiliza akiwa amefunika uso kwa mikono.

"Nilimshika kiuno," alisema.

"Hukujua."

"Wewe ulijua." Alitoa mikono usoni. "Miaka yote hii. Nilimletea feni, ukaniangalia nikiibeba. Ungeniambia neno moja tu. Mbuzi ni nini? Ningepeleka mbuzi mwaka ule ule."

"Niliona aibu."

"Ya nini? Kwangu?"

Nilikuwa nimemwonea mama aibu kwa kulala nje, nikamwonea mume wangu aibu kwa kutojua, nikajionea mwenyewe aibu kwa namna nilivyoolewa, na aibu hizo zote zilinifanya ninyamaze mpaka ufuo mzima ukamwona mama yangu. Mume wangu alikaa siku mbili hanisemeshi ila juu ya watoto. Aliwapandisha ngamia, akawakodishia maboya, akavaa shati lililofungwa vifungo mpaka kooni hata majini.

Siku moja kabla ya kurudi, mama mkwe alinipigia simu asubuhi na mapema. "Njoo baharini. Wewe peke yako."

Niliwakuta upande ambao wavuvi huanika nyavu, maji yamekupwa, hakuna mwanamume karibu. Walikuwa wamekaa majini na shimizi zao, vitenge viwili vimewafunika mabega, miguu wameinyoosha mbele. Kila maji yaliporudi yaliwachimba mchanga chini yao nao wakazama kidogo.

"Yananiiba!" mama alisema. "Ona, yananiiba kidogo kidogo."

"Shika hapa," mama mkwe alimwambia, akampa mkono wake.

Nilikaa nyuma yao. Mama alionja maji kwenye kidole, akatema, akaonja tena. Aliuliza kama samaki wa humu wanahitaji kutiwa chumvi. Mama mkwe alisema hajui, na wakalijadili. Sikuingilia. Nilikuwa nimekuja tayari kuomba msamaha, maneno nimeyapanga njiani, lakini hakuna aliyenipa nafasi, na baadaye nikaona kwamba nilitaka kuomba msamaha ili mimi ndiye nijisikie vizuri. Nikawatandikia taulo, nikangoja.

Tulirudi Nairobi. Kawangware wapangaji waliniuliza, nami niliwaambia bahari ni poa. Wiki ile ile nilikwenda Gatwekera kumpelekea mama kitambaa alichosahau. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti yake kupitia mabati. Majirani walikuwa wamejaa ndani wakila chapati na yeye alikuwa anawasimulia.

"Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu," alisema. "Na mkwe wangu ni mtu wa heshima, sijaona. Alisema hapana, huyu hawezi kulala nyumba moja na mimi. Akanitafutia mahali pangu na mamake, vitanda na neti. Hata upepo alininunulia."

"Upepo unanunuliwa?" mtu aliuliza.

"Ule wa stima. Ameubeba begani mwenyewe."

"Na kuogelea je?"

"Niliingia na mkwe mwenzangu. Wanaume walikaa mbali kabisa."

Wakamsifu mkwe. Mwanamke mmoja alisema wa kwake hajui hata kubisha hodi. Nilikaa nje juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa mpaka machozi yalipokauka, kisha nikabisha, nikaingia, nikasalimia. Mama alinipa chapati mbele ya watu wote, akasema, "Muulizeni huyu, naye alikuwepo." Nao wakaniuliza, nami nikasema ndivyo ilivyokuwa.

Mbuzi walikwenda Kitui mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa. Mama mkwe aliwachagua mwenyewe sokoni, akiwatazama meno. Baba wadogo waliwapokea, wakachinja, wakahakikisha wanaume wa Kabiro hawalali njaa. Mume wangu alikaa mahali alipoonyeshwa, shati jipya, kichwa chini, na mama alipopita mbele yake na sinia la nyama alisogeza kiti chake nyuma kumpisha, ingawa nafasi ilikuwa tele.